Mzazi Ndani ya Mti

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnipe masikio. Kisa nitakachowapa kina mwanzo na kina katikati, ila mwisho wake sinao. Nimeutafuta hadi nimechoka. Pengine mmoja wenu ataondoka nao hapa.

Kulikuwa na kijiji kikiitwa Irindi, juu katika milima ya Upare, mahali pa ukungu na migomba na baridi ya kutia vidole ganzi asubuhi. Katika kijiji hicho waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Namkunda, mjane. Kipaji chake kilikuwa neno lake. Akisema ndiyo ilikuwa ndiyo, akisema hapana, hata mumewe, alipokuwa hai, alichukua koti lake akatoka nje bila kubishana. Hakuwa mtu wa makelele. Alisema mara moja, kwa sauti ya chini, kisha akaendelea kupepeta mahindi yake.

Wa pili alikuwa Kirumbe, mzee wa watu kutoka bondeni. Kipaji chake kilikuwa miguu, na kumbukumbu ya njia. Ungemtajia korongo lolote kule chini angekwambia mti gani umesimama wapi na unazaa lini. Alikuwa na shamba la mpunga kando ya mto mpaka mto wenyewe ulipokauka, akafunga mizigo yake akapanda milimani kutafuta pa kuishi. Irindi walimpa chumba nyuma ya duka, na kibarua cha kukata kuni. Alikuwa amekaa muda mrefu, lakini bado watu walimwita yule mzee wa bondeni.

Wa tatu alikuwa Mbazi, baba wa watoto wadogo. Huyu kipaji chake kilikuwa kupanda. Mti uliowashinda wengine, yeye aliupanda akipiga mluzi. Wapasua mbao walimtafuta kila mara, apunguze matawi kwanza ili mti usije kuangukia nyumba au migomba ya mtu.

Watatu hao hawakuwa ndugu, wala hawakuwa marafiki. Walikuwa wakisalimiana njiani na kupitana, basi.

Nyuma ya nyumba ya Namkunda ulisimama mti mkubwa wa kamfa, alioachiwa na marehemu mumewe. Nyumba yenyewe ilikuwa imechoka. Mabati yake yalikuwa yameliwa na kutu, na mvua ikinyesha ilibidi watege sufuria na ndoo chumba kizima. Binti yake, Nakiete, alikuwa na kifua kisichopona. Kila ukungu ulipoingia ndani, mtoto alikohoa hadi akashika ukuta.

Basi akaja mfanyabiashara wa mbao. Akautazama mti, akaizunguka nyumba, akasema, "Mama, nipe mti huu, mimi nitakupa mabati mapya ya nyumba nzima, na misumari yake."

Namkunda akasema ndiyo.

Mabati yakaletwa na gari, yakaegemezwa ukutani. Bibi Nanzia, mama mkwe wake aliyekaa naye, akatoka nje akayapapasa kwa kiganja kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyenona. "Mjukuu wangu atalala pakavu," alisema. "Nami nitakufa nikiwa pakavu."

Kesho yake asubuhi Mbazi akaja na kamba na panga. Akapanda. Alikuwa amefika katikati ya shina alipoona shimo la mti limezibwa kwa udongo mgumu, pamebaki ufa mwembamba tu. Akaegemeza mkono apumzike. Mdomo mkubwa ukachomoka katika ule ufa ukamgonga kidole, ukarudi ndani. Mbazi alishuka haraka kuliko alivyopanda.

"Kuna kitu ndani," alisema, akinyonya kidole chake. "Kina mdomo kama jembe."

Mfanyabiashara akacheka. Lakini Kirumbe alikuwa akipita na mzigo wa kuni kichwani, akausikia mdomo ule unavyogonga. Akautua mzigo. Akatazama juu.

"Huyo ni hondohondo," alisema. "Mama hondohondo. Kwetu bondeni walikuwa wengi. Wakati wake ukifika anaingia ndani ya shimo la mti, anajiziba kwa udongo, anataga na kulea humo humo. Hatoki mpaka kinda likue. Mume ndiye anayemletea chakula."

"Bondeni sawa," alisema Namkunda, "lakini huku? Mimi nimezaliwa Irindi. Hondohondo tulikuwa tukimsikia akipita mbali huko chini. Hajawahi kulea huku. Huku ni baridi."

"Kulikuwa baridi, mwanangu."

Ilikuwa kweli. Mahindi yalikuwa yakikubali mahali ambapo wazee walilima viazi tu. Mbu walikuwa wamefika, wageni kabisa, na zahanati ilianza kutoa vyandarua. Na wale ndege wadogo waliokuwa wakiimba vichakani asubuhi, siku hizi ulihitaji kupanda hadi ukingo wa msitu wa juu ndipo uwasikie.

"Bondeni mikuyu imekauka," Kirumbe aliendelea. "Joto limepanda, nao wamepanda. Mimi nilidhani nimekuja huku peke yangu."

Mfanyabiashara akatazama jua. "Mzee, asante kwa maelezo. Mama, ndege atapata mti mwingine."

"Akiwa amefungiwa ndani?" aliuliza Namkunda.

"Mti ukianguka, udongo utapasuka, atatoka."

"Atatoka na nini? Na mayai kichwani?" Namkunda aliutazama ule ufa. Yeye mwenyewe alikuwa amejifungua Nakiete siku chache baada ya kumzika mumewe, akakaa ndani siku zake zote za uzazi, wanawake wa Irindi wakimletea uji na kuni bila kuombwa. "Huyo ni mzazi. Mzazi hatolewi nje kabla ya siku zake. Mti haukatwi."

"Basi nitayabeba mabati yangu."

"Yabebe."

Bibi Nanzia alisimama mlangoni akayaangalia mabati yakipakiwa garini, moja baada ya jingine. Gari lilipoondoka akasema, "Umempa ndege nyumba, mkwe wangu. Na hawa wa ndani umewapa nini?"

Namkunda alichukua ungo wake. Akaendelea kupepeta.

Tangu siku hiyo watu wa Irindi wakawa wanamwita yule ndege Mzazi. Waliokuwa wakienda kisimani walipita kwa Namkunda kumwona mume wa Mzazi akija, ndege mkubwa mweusi mwenye pembe nyeupe juu ya mdomo, mabawa yakivuma kama mtu anayepuliza moto. Alikuwa akitua juu ya ufa, anatapika tunda moja moja kutoka kooni na kulipitisha ndani. Kisha anaruka tena kuelekea bondeni. Alikwenda mbali sana, maana huku juu matunda aliyoyajua hayakuwapo.

Halafu ikaja mvua ya mawe. Ilikuja mchana kweupe, katika mwezi ambao haijawahi kuja, ikapiga maharage yote ikayalaza. Ilitoboa mabati ya Namkunda yaliyokuwa yamebaki mazima. Ilipokoma, watoto walimkuta yule ndege dume chini ya migomba, bawa limevunjika, hana uhai, na tunda moja la mkuyu bado limo mdomoni.

Kirumbe alimchukua akamzika kando ya shamba. Akamaliza kukanyagia udongo. Ndipo akasema, "Sasa yule wa ndani atakufa kwa njaa. Nilivyowaona mimi kule chini, wakiwa ndani hunyonyoka manyoya ya mabawa. Hata akivunja udongo atoke leo, hawezi kuruka."

Mfanyabiashara wa mbao alisikia, akarudi. Alikuwa mpole safari hii. "Mama, pole. Ndege wako ndiyo amekwisha. Mabati bado ninayo, tena nitakuongezea."

Namkunda aliangalia paa lake lililotobolewa. Ndani, Nakiete alikuwa akikohoa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alichelewa kujibu.

"Bado yumo," alisema hatimaye. "Hapana."

Juma lile lile Nakiete alibebwa kwa machela hadi hospitali ya tarafani. Alikuwa na nimonia. Namkunda alikaa naye huko, akilala chini ya kitanda cha mtoto, na kila mtu wa Irindi aliyekwenda kumjulia hali alimuuliza swali moja, kisha akaona aibu kwa kuuliza: je, wauze mti? Kila mara alitikisa kichwa. Mtoto alipona, lakini mganga alisema asirudi penye unyevu. Walirudi pale pale. Hapakuwa na pengine.

Wakati huo Kirumbe alikuwa njiani. Alikumbuka mkuyu mmoja bondeni, kwenye kisima cha zamani, mkuyu ambao mizizi yake ilikuwa imefika kwenye maji ya chini na haukufa na wenzake. Akashuka. Aliukuta umezaa. Akaokota, akachuma, akajaza mfuko, akapanda nao mlima. Kushuka kulimla nusu ya siku, na kupanda kukamla iliyobaki. Kesho yake akapumzisha magoti, kesho kutwa akashuka tena. Matunda hayo hayakai, hata ukiyaweka kwenye majani mabichi yanachacha, kwa hiyo haikuwezekana kubeba ya juma zima. Kuni hakukata tena, na mwenye duka akaanza kumtazama vibaya kwa ajili ya kile chumba. Jioni moja alionekana ameketi njiani, mfuko magotini, amefumba macho.

"Unaumwa, mzee?" aliulizwa.

"Siumwi. Nilipita kwenye shamba langu. Hata mpaka wake siuoni."

Matunda yalifika, ila hayakuweza kuupanda mti yenyewe. Hapo ndipo Mbazi aliporudi na kamba yake. Hakuna aliyemwita. Alisema tu kwamba tangu siku ile ya kidole hakuwa akilala vizuri, kwa kuwa nusura amwangushe mwenye mtoto.

Siku ya kwanza Mzazi alikataa. Kila Mbazi alipolisogeza tunda, mdomo ulirudi ndani. Siku ya pili Mbazi akapasua ncha ya mwanzi, akalibana tunda hapo, akalipeleka polepole kwenye ufa huku amegeuza uso pembeni, asionane naye macho. Alikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi. Ghafla mwanzi ukatikisika, na tunda halikuwapo tena. Waliokuwa chini walipiga vigelegele, naye akawakemea wanyamaze.

Kuanzia hapo alipanda kila siku, asubuhi na jioni. Wapasua mbao walimwita kwenye kazi ng'ambo ya mlima, hakwenda. Mkewe alimuuliza kama yule ndege ataanza kuwalisha watoto wao. Akasema hajui. Akapanda. Mikono yake ilichubuka kwa kamba, na shina lilipolowa ukungu liliteleza kama sabuni.

Mvua zikaisha, ukaja upepo. Asubuhi moja Mbazi alikuwa karibu na ufa, mwanzi mkononi, udongo ulipoanza kupasuka kutoka ndani. Vipande vikamwangukia machoni. Mzazi akatoka kwa nguvu, manyoya mapya, mabawa yakampiga Mbazi kifuani. Kamba ilikuwa imelika mahali asipopaona. Akaanguka.

Alianguka juu ya migomba, na migomba ndiyo iliyomwokoa. Lakini mkono wa kuume ulivunjika mahali pabaya, kwenye kiwiko. Alipokuwa amelala pale, watu wakikimbia kutafuta machela, alisikia sauti juu yake kama ya punda aliyekasirishwa. Akafumbua macho. Kinda lilikuwa limesimama kwenye mdomo wa shimo, manyoya yamevurugika. Likasitasita. Likaruka, likayumba, likamfuata mama yake kuelekea msitu wa juu.

"Wameondoka?" aliuliza Mbazi.

"Wameondoka," alisema Namkunda, akimshikilia kichwa.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Kamba hawezi kuishika tena.

Hadi hapo, hakuna aliyegombana na mtu. Watatu wale walikuwa wamechoka uchovu wa aina moja, na hilo liliwafanya wawe kama ndugu. Kirumbe alikuwa akipita kumjulia hali Mbazi. Namkunda alikuwa akimpelekea mkewe ndizi. Nadhani wangeendelea hivyo hadi leo kama habari hazingefika kwa bwana misitu.

Bwana misitu, Mchomvu, alikuwa mtu mwema, nawaambia mapema msije mkamtia makosani. Alipanda hadi Irindi kwa miguu, akaliangalia shimo, akakusanya vipande vya udongo, akawauliza watu kwa adabu. Kisha akaitisha mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule.

"Ndugu zangu," alisema, "ndege wanahama. Joto likizidi chini, wanasogea juu, na walio juu wanasogezwa zaidi. Tumeamua kumweka mlinzi katika msitu wenu, wa kuwaangalia hawa wanaohamia na kuzuia miti yenye mashimo isikatwe. Ni ajira ya kudumu. Kuna na nyumba, pale ukingoni mwa msitu, chumba kimoja na jiko, bati jipya, sakafu ya saruji. Nimepewa ruhusa nimchague mtu aliyemwokoa hondohondo. Nitajieni jina lake."

Kisha mwanamke mmoja akasimama.

"Mtu huyo ni Namkunda. Kabla ya tunda na kabla ya kamba kulikuwa na mti. Mti ungeanguka siku ile, hawa wawili wangefanya kazi gani? Na nyumba yake mnaiona."

Mzee mmoja akamjibu, "Mti bila chakula ni jeneza. Ndege alikuwa ndani ya mti huo huo akingoja kufa. Nani alikuwa na habari ya mkuyu wa kisimani? Nani aliyeshuka na kupanda kwa magoti yale? Mpeni Kirumbe."

"Na matunda yangepandaje?" akauliza kijana aliyefanya kazi na Mbazi. "Yangekaa chini ya mti yaoze. Tena niambieni, katika hao watatu, nani amevunjika? Namkunda ana shamba. Kirumbe bado anaweza kukata kuni. Mbazi hana tena kazi aliyokuwa nayo."

"Mbazi ndiye aliyepanda na panga siku ya kwanza," sauti ikasema nyuma.

"Na ndiye aliyeshuka kutuambia! Angenyamaza akakata, nani angejua?"

Mtu mwingine akasimama, akakohoa. "Mimi sina ubaya na mzee Kirumbe. Lakini nafasi ya Irindi iende kwa mtu wa Irindi. Yeye ni mgeni hapa."

Kirumbe alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa darasa. Hakunyanyuka. "Na ndege naye ni wa wapi?" aliuliza.

Yule mtu aliketi.

Ndipo Bibi Nanzia akanyanyuka, akiegemea fimbo, na watu wakampisha wakidhani atamtetea mkwe wake. "Namkunda alitoa," alisema. "Lakini alitoa nini? Alitoa kifua cha mjukuu wangu. Hakumuuliza mtoto. Hakuniuliza mimi. Kama kuna anayedai kitu hapa, ni Nakiete." Akageuka akamtazama mkwe wake. "Sikusema hivyo kukuaibisha. Nimesema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nataka uipate ile nyumba."

Mwenyekiti wa kijiji alijaribu njia nyingine. Akauliza kama watatu hawa hawawezi kugawana, leo huyu kesho yule.

"Ofisi inaandika mtu mmoja," alisema Mchomvu kwa masikitiko. "Na ile nyumba haiwatoshi watu wa nyumba tatu."

"Hata ingewatosha," alisema Mbazi. "Mwezi wa kwanza tutagawana. Baada ya hapo tutapimana nani kapanda mlima mara nyingi zaidi, nani kaumwa, nani kachelewa. Mimi nawajua watu, na najijua."

"Basi semeni wenyewe," mwenyekiti akawaomba. "Mmoja wenu akiwaachia wenzake, mzigo utapungua."

Namkunda alisimama kwanza. "Siku ile sikujua kama kuna kazi wala nyumba. Nilimhurumia tu. Leo najua ipo, na mwanangu anakohoa. Siwezi kusimama hapa niseme siitaki."

Kirumbe akasema, "Mimi nimekuwa mgeni wa watu kwa muda mrefu. Ningependa kufunga mlango ambao hakuna mtu atakayeugonga kuniuliza nitaondoka lini. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hivyo."

Mbazi akainua mkono wake uliopinda, akaushusha. "Watoto wangu hawali hadithi," alisema, kisha akaketi.

Mchomvu aliinamisha kichwa. Alisema atarudi baada ya gulio, na kwamba asipopewa jina na kijiji, nafasi itapelekwa kijiji kingine, maana ndege nao hawangoji. Alisema pia kuwa amewaona Mzazi na kinda lake. Wako juu ya Irindi sasa, kwenye miti ya mwisho. Juu ya hapo kuna mawe na nyasi fupi, halafu mbingu. Mwaka ujao watahitaji shimo la kulelea, na miti yenye mashimo pale ni michache, na wapasua mbao wanaijua.

Mkutano ukavunjika. Watu waliondoka wakibishana hadi njiani, mume na mke, mtu na jirani yake. Wale watatu walibaki uwanjani, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie. Hakuna aliyekuwa na hasira. Mbazi alijaribu kufunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja, akashindwa. Namkunda akainama akamfungia. Kirumbe akasema, "Tulipokuwa na kazi tulikuwa tukicheka." Wakaachana.

Gulio limefika, limekwisha. Bwana misitu yuko njiani anapanda, na mwenyekiti ameketi mbele ya ofisi yake tangu asubuhi, hana jina. Amewauliza wazee, amemuuliza mchungaji, amemuuliza mkewe, na kila mmoja amemtajia mtu wake. Akiangalia chini anamwona Mchomvu kwenye kona ya mwisho ya njia, akipumua, kofia mkononi.

Nami kisa nimekifikisha hapa, siwezi kukibeba zaidi. Jina linalotakiwa ni moja, na wawili watakaokosa wataendelea kuishi humo humo kijijini, wakipishana kisimani na aliyepata. Wewe uliyenisikiliza hadi sasa, kama ungekuwa umekalia kiti cha mwenyekiti na Mchomvu anakufikia, ungemtajia nani? Na wale wawili ungewatazama machoni ukiwaambia nini?